Gitaa Jeupe na Vinasa Sauti Vyake

Jumatatu, 4 Machi
Mama Watoto ametoa hukumu: chumba cha nyuma kiwe kitupu kufikia Jumapili. Binti yetu anakuja na mjukuu wetu wa kwanza. Nimekubali. Gitaa la umeme liuzwe. Ni la nadra, halitengenezwi tena. Nimelifuta vumbi, nikashikwa na simanzi. Miaka ishirini ya harusi za watu! Ndilo nililokuwa nikipiga siku Mama Watoto alipokuja jukwaani kuniambia nipunguze sauti. Sikupunguza. Akabaki pale pale.

Jumanne, 5 Machi
Mteja kapatikana! Daktari wa meno. Aliniuliza, koleo likiwa mdomoni mwangu, kama ni mimi niliyekuwa na lile gitaa jeupe la bendi. Amelitafuta miaka mingi. Nikajibu kwa macho. Atakuja Alhamisi.

Fundi redio ananiambia matajiri hupenda gitaa ambalo halijaguswa. Langu limeguswa. Zamani yeye mwenyewe alinitolea vinasa sauti vya kiwandani, vile vya chini ya nyuzi, akanifungia vya nguvu zaidi. Wazee walikuwa wakiacha sahani zao na kuinuka kucheza. Vya kiwandani vilibaki kwa Mzito, mpiga besi wetu.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kwa Mzito. Hatujasemeshana tangu bendi ivunjike, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyeivunja. Vinasa sauti vyangu vimo kwenye kopo la vifungo vya mkewe. Akasema atanipa, mradi nimwachie vile vya nguvu avifunge kwenye gitaa lake bovu. Nikajikaza nisicheke. Mjinga kabisa!

Tumekunywa chai. Tukakumbuka siku umeme ulipokatika, ukumbi mzima ukaendelea kucheza kwa makofi. Mzito akafuta macho. Mimi pia, nakiri. Tulidhani harusi hazitakwisha. Fundi redio amemaliza magitaa yote mawili kabla ya saa kumi.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari amekuja. Nikamwambia kila kitu kiko kama kilivyotoka kiwandani. Akaomba nipige. Nikapiga wimbo wetu wa kuwaingiza maharusi. Gitaa likalia kama nzi ndani ya chupa.

Daktari akasema gitaa lenyewe si hoja, alitaka ule mlio wake wa zamani. Usiku wa harusi ya dada yake, mkewe alimkubali akiwa anausikia. Mkewe hayupo tena. Nikajikuta nimemwelekeza kwa Mzito, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Mzito ameuza gitaa lake bovu. Anasema aligusa nyuzi mara moja tu, daktari akakaa chini. Amenihadithia mara tatu. Mara ya nne nikaondoka.

Jumapili, 10 Machi
Binti amewasili. Chumba kilikuwa kitupu jana, kwa muda wa saa moja. Nimebadilishana gitaa na mwalimu wa kwaya, akanipa seti nzima ya dramu. Za zamani, za nadra! Mlango haufungiki. Binti na mtoto wamelala kitandani kwetu pamoja na Mama Watoto, ambaye hajanisemesha tangu asubuhi. Mimi niko jikoni, naandika.

Dramu zina kasoro moja ndogo, ngozi zake zimechakaa. Mwalimu anasema ngozi hizo ndizo zilizozipa dramu sifa ya mlio wake. Kesho nazibadilisha zote, niweke mpya, kabla mteja hajaziona.