Daftari la Masera na Kifo cha Karani wa Pamba

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Nimeapa leo, bibi yangu, Koko, akivua viatu vyake vya misa: nitampata muuaji wa kweli. Nina siku sita.

Sababu ni hii. Kila tarehe mbili Novemba, kwenye misa ya marehemu, Mzee Protais, mkuu wa shirika letu la waumini mtaani Kilibula, husoma majina ya wafu wetu. Wafu wote! Hata yule mlevi aliyeanguka mtoni Mulongwe. Jina la Ngendakumana, baba yake Koko, halisomwi kamwe. Koko hukaa benchi la nyuma, anasikiliza mpaka jina la mwisho, kisha anafunga kitambaa chake upya.

Leo Mzee Protais alisema tena, mbele ya watu, kwamba hawezi kuandika muuaji na mtu aliyeuawa kwenye karatasi moja. Aliyeuawa ni Itangishaka, karani wa pamba, babu yake Mzee Protais. Mwaka 1957 alikutwa amekufa, mbavu zimevunjika, katika uwanja wa nyumba ya wagonjwa wa akili iliyotunzwa na masera, yaani watawa. Pembeni yake ameketi Ngendakumana, mgonjwa, damu tele kwenye nguo. Hakushitakiwa kwa sababu ya ugonjwa. Alifia mle mle.

Koko alijibu tu kwamba basi, mwaka mwingine. Ana miaka sabini na sita!

Jumatatu, 28 Oktoba

Baada ya shule nimekwenda kwa Masera Florentine, mtawa anayetunza karatasi za zamani. Amenipa daftari la nyumba ile. Halina jalada. Upande mmoja umeliwa na mchwa. Ameniruhusu kunakili, kwa penseli tu.

Chérie alinifuata. Ni jirani yangu wa benchi darasani, wa kwanza kwa alama mbili, jambo ambalo halinisumbui. Alishauri nitazame kwanza daftari lote, mbele na nyuma. Weye Irankunda, akaniambia, unasoma kitabu hata haujue ni ya nini? Wivu! Mwalimu wa historia alitufundisha kusoma chanzo neno kwa neno. Hakusema tukigeuzegeuze kama mbuzi sokoni. Nilianza upande usio na mchwa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno mawili matatu ya kichwa tu, nikauruka.

Nimepata! Natafsiri kutoka Kifaransa:

“Kirezi. Ametoka Bijombo. Mkali. Hapendi kuguswa.”

“14 Julai 1957. Kirezi amempiga karani kifuani. Ngendakumana amemvuta karani nje. Karani amekufa.”

Mwanamke! Kifaransa kinasema “elle”, wa kike. Muuaji ni mwanamke! Na babu yetu alikuwa anamwokoa marehemu! Penseli ilinidondoka.

Jumanne, 29 Oktoba

Sijawahi kusoma mambo kama haya.

Uzito wa Kirezi: kilo 280. Nimehesabu tarakimu mara tatu. Sasa naelewa zile mbavu.

Amezaa mara nne. Watoto wote wamechukuliwa. Nililia kidogo.

Hana meno ya mbele juu. Hupewa chumvi ili atulie. Ndiyo dawa waliyokuwa nayo? Chumvi?

Halafu hii: “20 Julai. Kirezi ameuawa. Tumegawana na wagonjwa. Amewatosha wote.”

Mungu wangu! Nilifunga daftari. Nikalifungua. Bado imeandikwa hivyo. Baada ya kutafakari kwa utulivu nimeamua kwamba waligawana nguo zake. Kwa mwili ule, kitenge kimoja kingewatosha wengi.

Saa saba Masera Florentine alinikaribisha bugali, sombe ya majani ya mhogo na nyama. Nilikula bugali na sombe.

Jumatano, 30 Oktoba

Uchunguzi wa mashahidi. Mama Niyonsaba, anayetuletea maziwa, kwao ni Bijombo. Nilimuuliza, kwa ujanja, kama amewahi kusikia jina Kirezi. Alisema kwao wako wawili sasa hivi. Mmoja mpole, ana mimba. Mwingine ana hasira.

Niliandika. Nikauliza kama huyo wa hasira huwa anapiga watu. Akajibu kwamba kila asubuhi, juzi amempiga shemeji wa Mama Niyonsaba mwenyewe pajani. Nikauliza mbona hawamshitaki. Akacheka mpaka akaweka bidoni la maziwa chini! Akasema bila Kirezi watoto watakula nini?

Ni ukoo mzima, basi. Na wanaucheka. Nilimwambia leo hatuhitaji maziwa. Tumekunywa chai kavu, Koko hakuelewa kwa nini.

Kesho shirika linakutana. Nitasoma ushahidi mbele ya Mzee Protais mwenyewe. Sijamwambia Koko. Nataka aone.

Alhamisi, 31 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nilisimama. Nilifungua nakala yangu. Nilisoma kilo 280, watu wakaguna vizuri. Nilisoma watoto wanne. Nilipofika kwenye meno, Mama Niyonsaba alifunika mdomo. Nilipofika kwenye chumvi, alianguka begani kwa jirani yake.

“Muana yangu,” akasema, machozi yanamtoka, “ule iko ngombe!”

Nilimwambia mbele ya wote kwamba si vizuri kumtukana marehemu hivyo. Akasema ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huko kwao kila ng'ombe ana jina, na huitwa kwa jina mpaka siku ya kuchinjwa. Nikasema kuna watu pia wasio na meno.

Hapo Chérie, ambaye hakualikwa, aliingia na Masera Florentine na daftari. Masera alieleza polepole, kama kwa mtoto. Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo masera wa zamani waliandika wagonjwa kuanzia mbele, kisha wakageuza daftari na kuandika mifugo kuanzia nyuma. Mimi nilianza nyuma. Akafungua ukurasa nilioruka. Kichwa chake: Ng'ombe na Wanyama Wengine.

Watu walicheka. Wote! Koko peke yake hakucheka. Alikuwa ananiangalia, na mimi nilitaka ardhi ya Kilibula inimeze.

Kisha Mzee Protais akaomba kimya. Aliomba asomewe tena tarehe 14 Julai. Masera akasoma: Kirezi amempiga karani kifuani. Ngendakumana amemvuta karani nje. Mzee Protais aliomba asome mara ya pili. Alivua miwani. Alisema, kama anayejisemea, kwamba baba yake alimhadithia: karani Itangishaka hakuweza kupita penye ng'ombe anayekamuliwa bila kusogea na kuomba kikombe cha maziwa ya moto.

Masera akasema mwaka ule watu walitafuta mtu. Hakuna aliyewauliza masera habari za ng'ombe.

Mzee Protais alitoa kalamu. Akamuuliza Koko jina la baba yake linaandikwaje. Miaka sitini na saba, na ndiyo mara ya kwanza anauliza! Koko alilitaja herufi kwa herufi.

Jumamosi, 2 Novemba

Limesomwa. Mzee Protais aliliweka mara tu baada ya la babu yake: Itangishaka, Ngendakumana. Koko aliomba tukae benchi la mbele. Aliinama, akashika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Sikuutoa.

Jumapili, 3 Novemba

Nilirudi kwa Masera kumshukuru, nikafungua daftari kidogo tu. Kurasa nne baada ya Kirezi!

“Sultani. Ameuma watu watatu, mmoja askari. Hufungwa mchana, hufunguliwa jioni. Hulala mlangoni. Hupewa mifupa.”

Mifupa! Mgonjwa analishwa mifupa! Na askari aliyeumwa, nani alimfuatilia? Hakuna!

Chérie amenishauri nisome tena kichwa cha ukurasa. Hawezi kuvumilia kwamba nimefaulu. Lakini safari hii nimekuwa makini. Kwanza nimemuuliza Mama Niyonsaba kama amewahi kusikia ng'ombe anaitwa Sultani. Amefikiri sana, akasema hapana, hata mmoja.

Kwa hiyo ni mtu. Barua kwa komisa wa polisi nimeshaipeleka. Nimemwomba aanze na familia ya Sultani.