Siku Horatiu Alipoipindua Mamaliga

Tegeni masikio, enyi mliokwisha kusonga na enyi msiojua hata kushika mwiko. Sogezeni vigoda, nyamazisheni watoto, niwahadithie jambo kuu lililotukia Jumamosi moja ya mvua katika milima ya Apuseni, pale Horatiu mwana wa Grigore, Simba wa Tramu Namba Tatu, Mpiga Kengele Asiyechelewa, alipokabiliana na sufuria ya unga wa mahindi. Nilikuwapo. Mimi ni Smaranda, mkewe, na sisemi uongo ila pale unapohitajika.

Tulikwenda kupumzika siku mbili katika nyumba ya mbao ya baba yangu, Mzee Toader, Mfalme wa Kondoo Kumi na Tisa, mwingi wa masharubu, mchache wa maneno. Tangu niolewe, miaka saba, baba hakuwahi kumwita mume wangu kwa jina. Alimwita Dereva, kwa kazi yake ya kuendesha tramu, lile gari la reli la mjini. Huniuliza mimi kama Dereva amekula, na Dereva yupo pale pale mezani. Mbele ya watu Horatiu alicheka. Tukirudi kwetu hakucheka, na mimi iliniuma vilevile.

Basi Jumamosi hiyo mvua ikatufungia ndani, na baba akatoa kauli: mtu asiyeweza kupindua mamaliga ikatoka nzima, huyo ni mgeni tu katika nyumba hii. Mamaliga ndiyo sima yetu, ila sisi huipindua juu ya ubao tukaikata kwa uzi. Bingwa wake alikuwa mama. Tangu tumzike, huu mwaka wa nne, baba hula mkate. Hata uzi wa mama, uliokuwa ukining'inia msumarini kando ya jiko, ulipotea siku zile zile za msiba.

Ndipo Horatiu akasimama, akajifunga aproni ya mama yenye maua, akanena kwa sauti ile ya kutangazia vituo: "Baba, leo ama mamaliga itapinduka, ama mimi nitashuka mlima kwa miguu."

"Viatu viko mlangoni," baba akajibu.

Vita vikaanza. Maji yakanguruma, unga ukashuka, mapovu ya moto yakarusha mishale. Mmoja ukampata shujaa kwenye kiwiko. Hakulia, ila alitaja watakatifu watatu, na si kwa ibada. Akasonga robo saa, akasonga nusu saa, jasho likimchuruzika. Mara mbili nikanyoosha mkono nimpokee mwiko, mara mbili akanifukuza. Baba, aliyejifanya anasoma gazeti la mwezi uliopita, alisema tu kwamba kwa mwendo ule abiria wangekwisha kushuka wakatembea.

Hatimaye akalowesha mwiko, akazikusanya kingo, akaiacha ipumue kidogo. Akainua sufuria kwa mikono miwili, akafumba macho, akaipindua ubaoni. Haikutoka. Akagonga kitako cha sufuria; haikutoka. Gazeti likashuka kidogo. Akagonga tena, na hapo, jamani, ikateremka nzima, ya manjano, ya duara, ikifuka mvuke, haina ufa hata wa kupitisha unywele.

Nikapiga makofi. Na shujaa wangu, masikini, kwa furaha akanyakua kisu.

"Weka kisu chini," baba akasema.

Nikajua yamekwisha. Mama alizoea kusema kwamba mamaliga iliyoguswa na kisu ni heri wapewe kondoo. Horatiu akaganda, kisu mkononi. Baba akaingiza vidole katika mfuko wa kizibao chake, upande wa moyo, akatoa uzi mweupe uliozungushwa kwenye kijiti. Ulikuwa uzi wa mama. Miaka minne tulikuwa tumeutafuta nyumba nzima.

"Upitishe chini, kisha uvute juu," akasema. "Taratibu, Horatiu."

Mikono ile inayoendesha tramu katikati ya umati ikaupokea uzi, ikaupitisha chini. Akakata. Baba akachukua kipande cha kwanza, akakijaza jibini la kondoo na malai chachu, akala mpaka kikaisha, kisha akasogeza sahani aongezwe.

Basi na iandikwe, wajukuu wasome: katika mwaka wa mvua nyingi, Jumamosi, saa saba mchana, mamaliga ilipinduka Apuseni, na milima ikashuhudia. Mkate haukuguswa, Jumapili tuliwapa kuku. Uzi tuliuosha kwa maji ya moto, na baba akamwagiza Horatiu autundike msumarini.