Bastola Ndogo, Uvimbe Mkubwa

Jumatano, 7 Juni

Imefika. Bastola ndogo kuliko zote dukani kwa Buster. Risasi kumi za milimita tisa, mtutu wa inchi tatu, uzito kama mkebe wa maharage ulioliwa nusu. Maoni ya kwanza: maridadi. Maoni ya pili: mpini mfupi mno, kidole changu cha mwisho kinaning'inia hewani kama mgeni aliyekosa kiti. Nimeshtuka. Kwenye picha haikuwa hivyo.

Sababu ya kuinunua naiandika hapa tu. Kikundi cha ulinzi cha kanisa kina nafasi moja. Mkuu wake ni Ndugu Verlon, aliyekuwa askari wa sherifu wa kaunti miaka ishirini na sita. Jioni hii kanisani, tukila, alisema anataka mtu anayebeba silaha bila kiumbe yeyote kumshtukia. Jumapili baada ya ibada atauliza waumini watatu, kimya kimya, nani wanadhani amebeba. Tunaoitaka nafasi ni wawili: mimi, na Dada Oleta Crabb, miaka sabini na moja, dereva mstaafu wa basi la shule. Nilichekea ndani ya leso.

Miaka kumi na tisa napanga viti vya kukunja kanisani. Mji mzima wa Pecan Fork unaniita Wendell wa Viti. Imetosha.

Alhamisi, 8 Juni

Uwanja wa shabaha. Risasi hamsini. Ishirini za kwanza zilinifurahisha, thelathini zilizobaki zilinipiga. Kitu kidogo vile kinarusha mkono kama nyumbu. Ngozi ya kiganja imechubuka. Risasi moja ilitua kwenye karatasi ya jirani, katikati kabisa. Jirani akajipongeza.

Nyumbani nikaivaa mbele, ndani ya suruali, shati juu. Nikamuuliza mke wangu Nadine anaona nini. Alinitazama juu ya miwani, akasema naonekana mtu aliyemeza kopo la kahawa likakwama. Nikamwambia anitazame kama mtu asiyenijua. Akasema asiyenijua angeshaita gari la wagonjwa.

Nadine hajui silaha.

Ijumaa, 9 Juni

Nilikuwa dukani, upande wa maziwa, bastola kiunoni, nikakutana na Dada Faylene, mwenye orodha ya maombi ya kanisa. Macho yake yakashuka kiunoni kwangu yakakaa huko. Akanishika mkono, akauliza kwa upole: ni ngiri, au ni kitu kibaya zaidi?

Ningesema si ngiri, ingenibidi niseme ni nini. Na siri ikishatoka kwa Faylene, hata ng'ombe wa kaunti jirani wanaipata.

Basi nikainamisha kichwa. Nikasema ni ngiri, madaktari wanaiangalia.

Nimelitafakari njia nzima. Si uongo, ni mkakati. Nani ataniona nina bastola, wakati wote wanaona ngiri?

Kufikia saa kumi alasiri waumini wameshaniletea pole: bakuli mbili za kuku na wali, moja ya tambi na jibini, na kadi yenye sungura.

Jumamosi, 10 Juni

Bakuli zimefika tisa. Nadine anasema hashiriki udanganyifu wangu. Ameshiriki tambi mara tatu.

Verlon kapiga simu. Kasikia habari za kiuno. Kasema nikitaka kujitoa hakuna atakayenicheka. Nikamjibu Bwana atanitia nguvu. Akasema haya.

Oleta naye kaleta mkate wa pichi. Alisema pole. Lakini aliutazama mkanda wangu kama dereva wa basi anavyomtazama mtoto aliyeficha chura.

Jumapili, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Katikati ya ibada, Mchungaji Gaylon aliniita mbele. Alisema ndugu yetu anateseka kimya kimya. Waumini wote wakasimama. Akasema wenye kuweza waje, waniwekee mikono.

Walikuja. Mabega, mgongo, kichwa. Nikafunga macho nikijifunika tumbo kwa kitabu cha nyimbo. Mkono mmoja, mkavu, wenye nguvu, ukakisogeza kitabu ukatua palepale penyewe.

Alikuwa Oleta. Aliomba kidogo. Akaacha. Akapapasa. Akanisogelea sikioni: "Ndugu Wendell, ngiri yako ina kifyatulio."

Kisha akapaza sauti akamshukuru Bwana kwa kuwa hii haitahitaji kisu cha daktari. Kanisa zima: Amina. Faylene akalia.

Baada ya ibada Verlon aliuliza watu wake watatu. Hakuna aliyenitaja. Hakuna aliyemtaja Oleta pia. Moyo ukanirudi. Tumetoka sare.

Verlon akatupeleka nyuma ya kanisa, akamwomba Oleta aonyeshe. Yule bibi akafunua sweta lake la kufuma. Bastola kubwa ya kizamani, mpini wa mbao, ndefu kama bomba la jikoni. Kumbe huibeba kila Jumapili. Miaka kumi na minne anakaa nyuma yangu. Nilitafuta pa kukaa, na viti nilikuwa nimeshavikunja.

Nikamkumbusha Verlon kwamba mimi sikutajwa. Akasema: "Bwana Wendell, mtu aliyeombewa na watu mia mbili hajajificha."

Nafasi ni ya Oleta. Mimi nimeambiwa nimweleze mchungaji ukweli, na nirudishe bakuli zikiwa safi.

Jumatatu, 12 Juni

Bakuli nimerudisha. Kwa mchungaji nilibisha mlango mara moja, polepole. Hakusikia.

Habari njema: mlinzi mmoja anahamia Tulsa Septemba. Nimekaa nikachunguza kosa langu bila kujipendelea, nikaliona. Kosa ni kiuno. Bastola haina hatia. Nimeagiza ala ya kufunga kwenye kifundo cha mguu.

Ila nitachechemea, na mtu akichechemea ghafla watu huuliza. Hivyo nimeanza leo, mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi. Faylene alikuwa anapita. Alisimamisha gari, akashusha kioo, akatazama kiuno changu kilivyo bapa, akafuta chozi. Kisha akauona mguu.

Nimemwambia ni jongo, mguu wa kulia.

Ala niliyoagiza ni ya kushoto. Kesho asubuhi nampigia Faylene arekebishe orodha ya maombi.