Ukuta Uliovaa Rangi ya Chungwa

Jumatatu, 5 Machi 1951
Ukuta wa kanisa umegeuka rangi ya chungwa! Upande wa nyuma, kipande kizima, kama umevishwa sufu. Na Jumapili tunachagua mzee wa kanisa, mimi au Gwakisa. Nakitaka kiti kile cha mbele hadi usingizi sipati. Tulipojenga, kila nyumba ilileta matofali yake. Kipande kile ni cha Gwakisa, nina hakika. Kwake hupikwa pombe ya ulezi. Ukuta umeona haya. Nimemwambia jirani yetu Ruti peke yake, kwa siri.

Jumanne, 6 Machi
Kijiji kizima kinajua. Ruti hajawahi kuniangusha. Mke wangu Tupokigwe kasema jiwe la kule mtoni nalo lina rangi hiyo hiyo, sasa jiwe nalo limekunywa nini. Mwanamke huyu ana maswali.

Alhamisi, 8 Machi
Gwakisa hakasiriki. Inaniudhi. Ameomba ukuta usuguliwe mbele ya watu wote, alama zionekane. Maana kabla ya kuchoma matofali kila nyumba ilitia alama yake: yeye kidole gumba, mimi vidole viwili. Nimemuunga mkono kwa sauti kubwa. Hata brashi nitaleta mimi.

Jumapili, 11 Machi
Baada ya ibada nikasugua. Vidole viwili. Tofali la pili, vidole viwili. Nimefika la kumi na moja nikitafuta gumba. Hapo nikakumbuka: siku za kujenga nililia nipewe upande huu wa nyuma, wa kivulini, jua lisinichome. Mwalimu Timotheo akakwangua kwa ukucha, akasema ni kijimea tu, ndugu wa ule ukoga wa kijani wa kisimani, ila huyu kajifunika rangi. Hupenda kivuli na unyevu. Habari za pombe hakijui. Watu walicheka mpaka Mchungaji akakaa chini. Gwakisa kachaguliwa. Nami nimepewa kazi: kusugua ukuta kila mwezi.

Jumatatu, 12 Machi
Nimekwenda kwa Gwakisa kumpa hongera. Mti wa mlangoni kwake, gome lote rangi ya chungwa! Na mti hauna alama za vidole. Nikapitia kwa Ruti, kwa siri. Jioni Tupokigwe kaniuliza kama nimesahau ni nani alimpa Gwakisa mche ule, siku ya harusi yake.
Ulikuwa safi ulipotoka kwangu. Kesho Ruti alijue na hilo.