Mawe Manne ya Hezekiah wa Kibugu

Tueni vikapu vya majani chai, enyi watu wa Kibugu, nanyi wa nyanda za joto waacheni mbuzi wajilishe, mpate kusikia habari za Hezekiah mwana wa Nthiga, karani wa mizani, aliyeikabili kamera ya dijitali Julai ya mwaka wa tisini na tisa, wala asikimbie.

Kamera aliileta dadake Kagure, mkazi wa Marekani miaka tisa, na saa nane Jumapili hiyo alikuwa anarejea huko. Mama yao Rwamba, mwenye miaka themanini na ushei, hakuwa na picha duniani ila ya kitambulisho, anamoonekana kama mshtakiwa. Baada ya kubembelezwa wiki mbili alifunga kitambaa cha kanisa, akaketi mbele ya jiko.

"Haya. Moja tu, kabla sijabadilisha roho."

Hezekiah akabonyeza. Kamera ikatoa pua, ikalia ti-ti, ikarudisha pua, ikafa.

Ni nani aliyeiua? Tangu alfajiri ukoo mzima ulikuwa ukijitazama katika kioo chake cha nyuma. Shujaa wetu alijitazama mara kumi na moja, na tarihi hii haimfichi.

Duka lilikuwa limefungwa, mwenyewe yuko ibadani. Basi Hezekiah akanyemelea redio ya mama, akaichomoa mawe yake manne, yaani betri, akayatia kwenye kamera. Pua ikachungulia, ikafa tena. Ndipo akafanya walivyofanya mababu tangu redio ije: akapanda ngazi, akayapanga hayo ya redio juu ya mabati ya jiko yafufuliwe na jua. Lakini jua la Kibugu mwezi wa Julai ni uvumi tu.

Kagure akatazama saa. "Kaka, wacha tu. Nitampiga picha nikirudi."

Wote wawili wakamtazama mama, wakahesabu miaka kimoyomoyo.

"Hezekiah," akasema Rwamba, "hizo mawe za Kagure zimeshikwa na baridi. Miaka ishirini nimesikiza matangazo ya vifo na mawe zenye zilikufa mbele ya hao watu. Lete hapa."

Akayatia kifuani, ndani ya sweta, anamopashia vifaranga joto, akatulia nusu saa kama kuku anayeatamia.

Ndipo Hezekiah akapaza sauti mbele ya majeshi, yaani shangazi wawili na ng'ombe: "Enyi ukoo wa Nthiga! Kioo nakizima! Atakayetamani kujiona, beseni la maji liko pale! Risasi yetu ni moja!"

Akayapokea mawe yakiwa moto. "Mama, usisonge."

"Mimi sisongi. Ni wewe unatetemeka."

Mama akacheka, kamera ikalia kachaa, ikafa kabisa. Kagure akaondoka nayo bila yeyote kujua kama picha imeingia.

Agosti barua ya Kagure ikafika, na picha ndani. Rwamba huyo, anacheka kwa jino lake moja, mkono ungali unafunga kifungo cha sweta! Hezekiah akalia waziwazi, shangazi wakapiga ngemi, vigelegele vitano kama vya kuzaliwa mtoto wa kiume.

Rwamba akaisogeza picha karibu na macho.

"Hezekiah. Hizi nini ziko juu ya mabati, nyuma ya kichwa yangu? Si ni mawe zangu? Na mwezi mzima naambiwa redio imeharibika!"

Naye mshindi wa baridi, fahari ya Kibugu, akaenda kuchukua ngazi.