Ratili Mia Moja Tisini na Nane

Jumatatu, 8 Julai

Balaa! Kapteni kabandika tangazo kwenye mlango wa banda la helikopta. Eti joto la mwezi huu linaichosha injini, kwa hiyo kiti cha mwendesha kamera ni cha mtu asiyezidi ratili mia mbili. Kiti hicho nimekikalia miaka sita! Mizani ya bafuni inasema 231, lakini mizani hiyo ni zawadi ya mama mkwe. Siiamini.

Kila asubuhi tunaandika uzito wetu kwenye fomu, na Sajini Dombek, rubani wetu, anapiga hesabu ya mafuta. Hakuna anayetupima. Sisi ni polisi, tunaaminiana. Nikaandika 198. Mia mbili kamili ingetia shaka.

Zook akachungulia begani kwangu. Huyu ndiye askari wa akiba anayekinyemelea kiti changu. Ratili 164 na buti zake, chakula chake karoti. Akauliza kama hiyo 198 ni ya Hostetter mzima, yaani mimi, au ya paja moja.

Jumamosi tunatua kwenye maonyesho ya wilaya. Darlene, mke wangu, ameshalitangazia kanisa zima kwamba nitashuka na kofia yangu ya kurukia. Zook ashuke badala yangu? Thubutu!

Jumanne, 9 Julai

Mwizi wa pikipiki alikimbilia shamba la mahindi, tukaruka. Kamera ya joto, ile inayoona joto la mwili hata majanini, ikanionyesha kitu cheupe kimejikunyata katikati ya mistari. Nikawaelekeza askari wa chini kwa redio: kushoto, kushoto tena, mrukieni! Wakamrukia wanne kwa mpigo.

Alikuwa Zook. Alikuwa ameazimwa kusaidia kikosi cha miguu, na hakuna aliyeniambia. Kamera ya joto haionyeshi sare! Mwizi mwenyewe alikamatwa baadaye kituo cha mafuta, ananunua soda.

Zook anadai nilikusudia. Naapa sikukusudia. Nilicheka tu, tena kwa kiasi. Akarudi bandani na majani ya mahindi masikioni, akatangaza mbele ya wote kwamba kesho ataazima mizani kwa wenzetu wa barabara kuu, ile inayowekwa chini ya tairi kupimia malori, na kila mtu atapanda. Sajini akasema wazo si baya. Kwa nini watu wazima hawawezi kuishi kwa kuaminiana?

Jumatano, 10 Julai

Mizani imefika. Bamba la chuma lenye mpini, lenyewe ratili 44. Zook akaiegemeza ukutani, akaenda kutafuna karoti zake.

Nilifikiri haraka. Kuvua buti? Tumbo halivuliki. Kuumwa? Nitakuwa nimempa Zook kiti bure. Basi mizani ipotee. Chooni wataiona. Garini mwangu Darlene ataiona. Pahala pamoja tu hapafunguliwi na mtu mwingine: sehemu ya mizigo ya helikopta, nyuma, kwa sababu kuikagua ni kazi yangu mimi. Nikaisukuma ndani, nikaifunika turubai, nikatia saini kwamba nimekagua.

Zook alitafuta mpaka saa za kutoka. Nikamsaidia kutafuta. Nikampa hata pole.

Alhamisi, 11 Julai

Buti bado zimelowa.

Mzee Elmer Stoltz, miaka 84, alimfuata mbwa wake mpaka kwenye kisiwa cha changarawe katikati ya mto. Mvua ikanyesha huko juu, maji yakapanda, akanaswa. Mimi ndiye niliyemwona kwa kamera, na sikukosea safari hii! Sajini akatua pembeni yake. Midomo ya mzee ilikuwa imepauka, hatuambii hata jina lake, na maji yalikuwa yanakaribia matairi ya... hapana, helikopta yetu haina matairi, naandika ovyo. Yalikuwa yanakaribia miguu ya helikopta.

Nikamfunga mzee kiti cha nyuma. Sajini akajaribu kunyanyuka. Sindano ya kipimo cha injini ikapanda mpaka alama nyekundu. Akaishusha, akajaribu tena. Nyekundu! Akasema hesabu zake hazikosei, kuna kitu. Nikamtazama mzee. Kichwa kilikuwa kimemwangukia kifuani. Nikaogopa kweli, nikaona aibu kweli.

Nikasema, "Sajini, mimi si 198. Mimi ni 231."

Wala hakugeuka. "Najua wewe ni muongo, Hostetter. Kila mwanamume wa banda lile namwongezea ishirini kimyakimya, mwaka wa kumi na tano huu. Wewe nilikuhesabu 218. Kumi na tatu haziwezi kunishikilia chini. Umebeba nini kingine?"

Ikabidi niseme. Sitaandika neno alilolitamka Sajini, maana Darlene husoma shajara hii nikilala. Kisha akasema, "Shukeni. Wewe na mizani yako."

Wakaruka kama kipande cha karatasi. Nikabaki na mizani na mbwa. Maji yakazidi kupanda, nikakaa juu ya mizani nisilowe makalio. Boti ya uokoaji ikatokea baada ya saa nzima, na aliyesimama mbele ni nani? Zook! Akainama, akasoma namba. Mizani ya malori inahesabu hamsini hamsini, ikasema 250.

Nikamwambia ni mbwa. Mbwa alikuwa ameshapanda botini.

Ijumaa, 12 Julai

Mzee Stoltz amezinduka hospitalini na ameuliza mbwa wake yuko wapi. Nililia kidogo chooni. Gazeti la wilaya limeandika kwamba askari shujaa aliacha kiti chake ili mzee aokolewe. Sijaona sababu ya kuwasahihisha. Sajini anajua ukweli: amempa Zook kiti cha kesho.

Jumamosi, 13 Julai

Zook alishuka na kofia yangu. Mimi niligawa stika kwa watoto. Darlene aliwaambia watu wa kanisa kwamba yule ni mimi, nimekonda. Bibi Stoltz, mke wa yule mzee, akaniletea pai mbili za cheri, akanikumbatia, akasema Mungu anibariki. Pai moja niliimaliza palepale. Zook naye akabembelezwa aonje maandazi ya maonyesho. Tumbo lisilozoea mafuta! Alimaliza matatu.

Jumatatu, 15 Julai

Zook anaumwa tumbo, haji. Kiti kiko wazi!

Sajini akaniita, akaniwekea fomu mbele. Akasema hataki kujua kuhusu tangazo la Kapteni, hilo atalimaliza yeye. Mafuta atapunguza yeye. Anataka namba ya kweli tu, ili asije akamwacha mtu mtoni. "Andika ukweli, Vernon, na kiti ni chako." Hajawahi kuniita Vernon. Nikamwambia nimejifunza, na wakati nasema nilimaanisha kila neno.

Kisha akaenda kujaza kikombe chake kahawa, nikabaki na kalamu. Asubuhi mizani ya bafuni ilisema 234. Pai.

Nikafikiri. Sajini anaongeza ishirini, mwenyewe kasema. Ukiandika 178, yeye atapata 198. Chini ya mia mbili, Kapteni karidhika, hakuna wa kugombana na mtu.

Nikaandika 178. Halafu nikaenda kukagua sehemu ya mizigo, maana pai ya pili inahitaji pahala pa baridi.