Shahidi wa Tatu wa Kesi ya Karantini

Jumatatu, 7 Machi 1966. Habaswein.

Murithi amekufa. Wanawake waliokwenda kuteka maji alfajiri wamemkuta kando ya birika la ng'ombe, uso majini, kisogo kimepasuka. Inspekta akamtazama mara moja tu, akasema ni shifta, wale waasi wa porini. Hapa kila kitu ni shifta. Wiki jana kuku wake alipotea, akasema shifta.

Nikasema kwa adabu kwamba shifta wana bunduki, na aliyempiga Murithi ametumia chuma. Koplo Musembi akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema mwanamke aliyeajiriwa kupekua akina mama kwenye kizuizi cha barabarani na kuchemsha chai asituletee upelelezi. Lakini Inspekta ana askari wachache, na wote wako porini. Akaniambia basi, kesi ni yako, andikaandika kitu.

Kesi yangu! Mpelelezi Mueni! Nazinusa tepe mbili za ukoplo.

Nikapekua mifuko ya marehemu. Tende tatu, kitana, barua ya mahakama. Nikaisoma barua, nikaitumbukiza ndani ya buti kabla Musembi hajageuka. Kitana kikaniponyoka, kikaanguka birikani.

Barua inamwita Murithi aende Garissa tarehe 14, kwenye rufaa ya Kulow. Huyo Kulow ni mchungaji aliyefungwa mwaka 1961 kwa kumuua mlinzi wa karantini ya mifugo. Watu watatu wanatakiwa waulizwe upya. Murithi, aliyekuwa skauti wa mifugo. Alio, aliyekuwa mkalimani kortini. Na Mueni, aliyekuwa dobi wa bwana mifugo.

Alio aliuawa mwezi jana njia ya Buna. Kisogo. Walisema shifta.

Dobi Mueni ni mimi. Barua yangu ilifika wiki tatu zilizopita. Niliwashia jiko. Ilishika moto vizuri.

Jumanne, 8 Machi.

Sikulala. Nilisukuma kitanda mlangoni, nikaweka sufuria tatu juu ya kitanda ili zianguke mtu akisukuma. Zilianguka nilipogeuka. Nikapiga mayowe. Hakuna aliyekuja. Nimejifunza hilo kuhusu majirani.

Asubuhi nikafungua mlango. Nyayo! Nyayo za ndala za ngozi zimeizunguka nyumba yangu yote, mara mbili, tatu, na chini ya dirisha zimesimama pamoja, kama mtu aliyekaa hapo akisikiliza ninavyopumua.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna asomaye. Mwaka ule wa 1961 sikuona kitu. Nilikuwa napiga pasi. Nilisikia kelele, nikachungulia, nikaona mgongo umefunikwa shuka ukipotelea vichakani. Mgongo tu. Lakini Mzee Kang'ethe, yule mwenye lori na duka, alituita mimi na Murithi na Alio nyuma ya duka lake. Akasema kila mtu anajua ni Kulow, jana yake aligombana na mlinzi kuhusu kunywesha ngamia. Tuseme tu tulimwona, kazi iishe. Alio atatafsiri vizuri.

Nikasema. Nilisema kwa ufasaha mkubwa, hata bwana mifugo akaniandikia barua ya sifa: msichana huyu ana macho makali. Ni kwa barua hiyo nilichukuliwa polisi mwaka jana, wanawake walipoanza kuandikwa. Kulow akapewa miaka kumi na minne.

Sasa nani anatuua? Jibu ni rahisi. Kulow ana dada, Rahmo, muuza maziwa. Ndiye aliyekwenda Garissa kwa miguu mara mbili kuomba rufaa. Mwenye chuki ni yeye. Na anavaa ndala za ngozi!

Watu wote hapa wanavaa ndala za ngozi. Lakini yeye pia anavaa.

Jumatano, 9 Machi.

Mpango: kumfuata Rahmo sokoni nikiwa nimejigeuza. Nikaazima garbasaar, shali kubwa ya Kisomali, ya mke wa mwalimu, nikajifunika mpaka machoni. Nikatembea nyuma yake hatua ishirini, nikijifanya nachagua vitunguu. Watu wananipisha. Nikafikiri ni kwa sababu ya heshima yangu mpya ya kike.

Rahmo akageuka, akaweka chombo chake cha maziwa chini, akanijia moja kwa moja.

"Abaayo, dada," akasema, "nguo hii umefaa juu chini. Na buti ya bolisi naonekana."

Soko zima likacheka. Nikamwambia namkamata kwa mauaji ya Murithi na Alio. Nilitaka iwe sauti ya serikali, ikatoka kama ya mbuzi. Hakukimbia. Alinishika mkono, akanivuta pembeni, akazungumza polepole kama anayemweleza mtoto.

"Mimi nataka nyinyi hai. Kaka yangu iko jela miaka tano. Nyinyi watatu ndio nafunga yeye, nyinyi watatu ndio nafungua. Mtu ya kufa kortini nasema nini?"

Akaniuliza kama nitakwenda Garissa. Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema niwe mwangalifu na mtu ambaye hataki nifike.

Mjanja kweli huyu mwanamke! Nimeandika kwenye daftari la kesi: mshukiwa ajifanya mwema.

Koplo Musembi amesikia habari za buti. Sasa kila nikipita kituoni anauliza bei ya vitunguu.

Alhamisi, 10 Machi.

Nyayo tena. Chini ya dirisha kuna hata kokwa za tende, mbichi bado kwa mate.

Siwezi kula. Nikaenda dukani kwa Mzee Kang'ethe, maana ndiye mtu pekee anayejua habari zote, nami nilihitaji mtu wa kunihurumia. Akanihurumia sana. Akafunga mlango wa duka, akanipa chai ya maziwa na andazi, akaniita mwanangu.

Nikamweleza kila kitu. Barua ya Murithi, barua yangu, nyayo. Nikamwambia kwa hofu hii nimeanza kufikiri afadhali niende Garissa nikaseme ukweli, labda muuaji ataniacha. Akaniuliza barua ya Murithi nimemwonyesha nani. Hakuna, nikasema, iko hapa ndani ya buti. Akaiomba aisome, akasema miwani yake iko nyumbani, akaiweka mfukoni. Akauliza nani anajua nimekuja kwake. Hakuna, nikasema. Nikaona uso wake umetulia, nami nikatulia.

Akasema msafara wa malori yenye ulinzi wa askari utaondoka kesho saa tatu asubuhi kwenda Garissa, lakini muuaji lazima anaujua. Yeye atanichukua kwa lori lake saa moja, mbele ya msafara, tukiwa wawili tu. Mtu hawezi kuvizia lori asilolijua. Akili iliyoje! Nilimuuliza kama hana hofu ya shifta. Akatabasamu, akasema shifta hawamsumbui.

Nisimwambie mtu. Sitamwambia mtu.

Ijumaa, 11 Machi. Asubuhi.

Nyayo zipo. Lakini mimi naondoka! Nimevaa sare, nimepiga buti rangi. Lori linaunguruma nje. Kwenye kizuizi hawataturuhusu kabla ya msafara, ila nimepata mpango: nitaandika kwenye kitabu cha kizuizi "kazi maalumu ya upelelezi" na kutia sahihi yangu. Mzee Kang'ethe amesema mimi ni msichana mwerevu kuliko wote aliowahi kuwajua.

Jumamosi, 12 Machi. Garissa.

Niko hai.

Tulipita kizuizini kwa sahihi yangu. Baada ya mwendo wa saa moja, mahali ambapo hakuna kitu ila vichaka na upepo, Mzee Kang'ethe akasimamisha lori. Akasema tairi la nyuma linalia. Akaniomba nishuke nikalitazame, macho yake yamechoka. Nikashuka. Tairi lilikuwa zima. Nikamwambia ni zima.

"Inama zaidi," akasema nyuma yangu.

Nikainama. Jua lilikuwa bado chini, vivuli virefu. Nikaona kivuli changu mchangani, na juu ya kivuli changu kivuli chake, na mkononi mwa kivuli chake mtaimbo wa kufungulia tairi. Ndipo hapo, baada ya siku tano za upelelezi, nilipomjua muuaji.

"Mlinzi alinikuta nikivusha ng'ombe wa karantini," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Sikutaka kumuua. Na nyinyi sikutaka kuwaua. Mngekaa tu na kimya chenu."

"Nitakaa, Mzee! Naapa nitakaa!"

"Murithi pia aliapa."

Nikafumba macho. Nikasikia kishindo, na kitu cha moto kikanimwagikia shingoni. Nikajua ni damu yangu. Ilinukia samli.

Ilikuwa samli! Juu ya lori, kwenye shehena ya ngozi, alisimama Rahmo, ameangusha debe zima, na debe lilikuwa limempata Mzee Kang'ethe begani. Mfupa ulikuwa umetokeza chini ya shati. Akajaribu kuuokota mtaimbo kwa mkono wa pili, akateleza kwenye samli, akaanguka, akateleza tena. Nilikuwa nimekwisha kuingia uvunguni mwa lori. Niliona miguu ya Rahmo ikiruka chini. Ndala za ngozi.

Akaniita nitoke. Nikasema nalinda upande huu. Akamfunga peke yake kwa kamba ya ngamia. Mimi nilifunga fundo moja, likafunguka, akalifunga upya.

Tukakaa kivulini kungojea msafara, Mzee Kang'ethe akilia maumivu. Rahmo akaniambia aliniona nikiondoka, akalifuata lori mbio mpaka kizuizini, akapanda wakati mimi naandika kitabuni. Na nyayo zilikuwa zake. Tangu Murithi afe alikuwa anailinda nyumba yangu, amekaa chini ya dirisha na rungu na tende chache, kwa sababu amebaki shahidi mmoja tu, kama ngamia wa mwisho mwenye maziwa. Mtu niliyemfungia kaka yake!

Msafara ulipofika, luteni akauliza nani amemkamata huyu. Nikatazama mchanga. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema: mimi, afande.

Rahmo hakubisha. Akaninong'oneza, "Sema ni wewe. Mimi haina shida. Jumatatu sema kweli tu, basi."

Nikamwambia wallahi nitasema. Mimi ni Mkristo, lakini nilitaka aelewe kwamba nimekusudia.

Jumatatu, 14 Machi.

Niliamka nimeamua. Nitasema sikuona kitu. Maneno mawili.

Nikaingia kortini. Kulow aliketi kati ya askari wawili. Nilimkumbuka kijana mrefu anayecheka. Huyu alikuwa mzee, amekosa meno ya mbele, shingo kama ya kuku wa mvua. Ana miaka ishirini na saba. Rahmo alikaa nyuma, mikono magotini. Mstari wa mbele alikaa afisa wa makao makuu, amekuja kumwona askari mwanamke aliyemkamata muuaji.

Nikaapa. Hakimu akanikumbusha kwamba kusema uongo chini ya kiapo ni jela, iwe leo au ile siku ya 1961. Ile siku ya 1961! Jasho likanitiririka mpaka ndani ya buti. Akauliza niliona nini.

Nikasema nilimwona Kang'ethe.

Nilimwona waziwazi, nikasema. Uso, shati, hata kifungo kilichokatika. Hakimu akauliza kwa nini basi kumbukumbu za korti zinasema Kulow. Nikasema mimi nilitamka Kang'ethe, ila mkalimani marehemu Alio, Mungu amrehemu, alisikia Kulow. Majina yote mawili yanaanza na K.

Karani akaacha kuandika. Mimi na Alio, Mungu ananiona, tulikuwa tukizungumza Kiswahili hichohicho. Hakimu akanitazama kwa muda mrefu sana. Nikaona mlango wa jela unafunguka na kufungwa ndani ya macho yake. Kisha akautazama mtaimbo juu ya meza, wenye nywele za Murithi bado, na barua iliyokutwa mfukoni mwa Kang'ethe. Akainama akaandika. Kulow akaachiliwa.

Nje Kulow alinijia. Akaishika mikono yangu yote miwili, akaniombea kwa Mungu, machozi yakimtiririka. Nikamwambia si kitu, ni kazi.

Rahmo hakunipa mkono. Aliuliza tu, kwa upole, "Si ungesema hukuona? Ingetosha."

Nimelifikiria swali hilo jioni nzima. Sioni alitaka nini zaidi. Kaka yake si ametoka?

Jumanne, 15 Machi.

Tepe mbili! Koplo Mueni! Zimeshonwa kidogo upande, lakini zinaonekana kutoka mbali. Nimemwandikia Musembi barua kumjulisha tu.

Alasiri yule afisa wa makao makuu akaniita ofisini. Akafunga mlango, akaniagizia chai. Akasema waya wa simu ulikatwa Alhamisi nje ya mji huu, na wakati huu wa hali ya hatari mtu ananyongwa kwa jambo kama hilo. Tayari wamemshika mchungaji mmoja. Ila wakubwa wanataka shahidi, na askari wake wote walikuwa upande wa pili wa mto. Akasema amesikia macho yangu yanavyosifiwa. Je, siku hiyo sikupita huko?

Alhamisi nilikuwa Habaswein, nikinywa chai nyuma ya mlango uliofungwa. Nikafumba macho kidogo, ili ionekane nakumbuka.

Kisha nikauliza, mtu huyo ni mrefu au mfupi?